TV ya chogo: picha imejikunja juu, kona imegeuka zambarau, maandishi yana vivuli. Nianzie wapi?

Swali la msomaji: Nina TV ya chogo ya inchi 21, naitumia na king'amuzi. Tangu tuhame nyumba ina kasoro tatu. Kwa juu picha imejikunja na ina mistari myeupe, na chini pamebaki ukanda mweusi wa upana wa vidole viwili. Kona ya chini kulia, karibu na spika ya redio, imeingia rangi ya zambarau. Halafu maandishi ya pembeni ya skrini yana kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Fundi wa mtaani anasema tatizo ni moja tu, atazungusha zile pete za sumaku kwenye shingo ya tyubu (kile kioo kikubwa cha picha) na kila kitu kitakaa sawa. Nimruhusu?

Jibu: Hapana, usimruhusu kwa sasa. Una matatizo matatu tofauti yaliyokutana kwenye skrini moja, na pete za shingoni zinahusika na moja tu kati ya hayo, tena kwa masharti. Mkunjo wa juu hauwezi kuondoka kwa pete, hata azizungushe kutwa nzima. Zambarau ya kona inaweza kufifia akizizungusha, lakini atakuwa ameihamishia sehemu nyingine ya skrini. Na vivuli vya pembeni, ikiwa katikati ya skrini maandishi yako ni safi, vinatokana na yoki, yaani koili za waya zilizovishwa shingoni mwa tyubu kuelekeza miale ya picha, wala si pete.

Picha ya TV ya chogo haihami bila sababu. Kiwandani iliwekwa sawa, pete zikafungwa kwa rangi, yoki ikabanwa. Ikihama leo, kuna kitu kimechoka, kimelegea au kimepata usumaku. Kitafute hicho kwanza. Fundi anayeanza kuzungusha vitu kabla ya kujua kilichoharibika anakuachia kazi mbili: kasoro ya mwanzo, na alama za kiwandani zilizopotea.

Usalama sasa, na aya hii nakuomba usiiruke. Kapasita kubwa (kipande kinachotunza chaji) ya upande wa umeme wa ukutani, ile iliyoandikwa volti 400, hubeba zaidi ya volti 300 na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Tyubu yenyewe hutunza chaji pia. Chini ya ile kofia ya mpira iliyobandikwa mgongoni mwake hupita volti zaidi ya 20,000 TV ikiwa imewaka. Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa plagi, chukua bisibisi bapa yenye mpini mzuri wa plastiki, unganisha chuma chake kwa waya wenye klipu na ule waya wa kusuka uliotandazwa nyuma ya tyubu, kisha ipenyeze ncha taratibu chini ya kofia mpaka iguse chuma. Mlio mdogo wa "tak" ni kawaida. Rudia baada ya dakika kadhaa, maana chaji hujirudisha kidogo. Kapasita kubwa itolee chaji kwa balbu ya zamani ya wati 60 yenye waya mbili, usiifyatue kwa bisibisi. Usiigonge wala kuibana shingo ya tyubu: ni kioo chembamba, ndani hamna hewa, na ikivunjika hakuna fundi wa kuirudisha. Kama hujawahi kufanya kazi hizi, mwachie fundi mikono, wewe simamia utaratibu.

Kitu kimoja kinachorahisisha kazi nzima: tafuta kioo kikubwa cha kujitazamia, kisimamishe mbele ya TV. Marekebisho mengi hufanyika ukiwa nyuma huku TV imewaka, na mtu anayeinuka na kuchungulia mbele kila mara ndiye anayeishia kugusa pasipoguswa.

Kabla hata ya kufungua kifuniko, ondoa king'amuzi kwenye lawama. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, kuanzia Dar es Salaam, TV hizi zinakula picha ya king'amuzi, na king'amuzi kikiwekwa kwenye 16:9 wakati skrini ni ya 4:3, watu wote watakuwa wembamba na warefu. Nimeona TV nzima ikifunguliwa kwa ajili ya kosa la menyu hiyo. Iweke 4:3. Kisha kama king'amuzi kina tundu la USB, tia kwenye flashi picha mbili: moja ya gridi ya mistari myeupe kwenye weusi, nyingine yenye duara kubwa katikati. Kadi ya majaribio ya Philips PM5544, ile ya duara ambayo vituo vingi duniani viliionyesha kabla ya vipindi kuanza, inafaa sana. Bila picha ya namna hii utakuwa unarekebisha kwa kukisia sura ya mtangazaji.

Sasa tuingie kwenye mkunjo, ambao ndio wa kwanza kutengenezwa kwa sababu ni ugonjwa wa sakiti na unaendelea kukua.

Miale ya elektroni huchora skrini kutoka juu kwenda chini mara 50 kila sekunde kwenye mfumo wetu wa PAL. Ikifika chini lazima iruke kurudi juu kwa haraka kubwa, kama milisekunde moja hivi. Kwa mruko huo, aisii ya wima (kipande cha miguu mingi kinachosukuma miale juu na chini, kilichofungwa kwenye bati la kupozea, karibu na waya za yoki) inahitaji volti karibu mara mbili ya zile inazotumia kuchora. Kwenye TV nyingi za inchi 14 na 21 inazipata kwenye kapasita ndogo iliyo jirani nayo, mara nyingi ya maikrofaradi 100 na volti 35 au 50, ikishirikiana na dayodi moja (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Kapasita hiyo ikikauka, miale inarudi kwa uvivu. Picha inayofuata inaanza kuchorwa wakati miale bado iko njiani, na mistari ya kwanza inalaliana. Huo ndio mkunjo wako, na mistari myeupe ni njia ya miale inayorudi, ambayo kwa kawaida huioni. Zipo TV ambazo aisii yake hupewa volti ya pili moja kwa moja kutoka flaibeki, ile transfoma inayotengeneza volti kubwa za tyubu. Hapo kagua kapasita inayochuja volti hiyo.

Ukanda mweusi wa chini ni wa familia hiyohiyo. Tafuta kapasita ya maikrofaradi 1000 au 2200 iliyokaa mfululizo na koili ya wima ya yoki. Ikipungua uwezo, picha hufinyika, na mara nyingi chini ndiko huanza. Angalia pia rezista ya omu chache inayoleta volti 24 hivi kwenye aisii. Ikipanda thamani, eneo lote la wima linanyimwa umeme.

Kuna dalili unayoweza kuiangalia leo bila kufungua kitu. Washa TV ikiwa baridi kabisa, piga picha skrini kwa simu, iache nusu saa, piga tena. Mkunjo ukipungua kadiri TV inavyopata joto, karibu uhakika ni kapasita, kwa kuwa kapasita iliyokauka hufanya kazi afadhali ikipashwa. Mkunjo ukija na kuondoka ukigonga kasha la TV kidogo, ni lehemu iliyoachia. Na kwa kuwa yako ilianza baada ya kuhama, mwambie fundi atazame miguu ya aisii ya wima na pini za plagi ya yoki kwa lenzi: lehemu iliyoachia huonyesha mviringo mwembamba mweusi kuzunguka mguu, kama ukucha ulioachana na nyama. Gari likirusharusha TV barabarani, lehemu zilizochoka hukamilisha kupasuka hapo.

Atoe lehemu ya zamani, atie mpya, kisha abadilishe kapasita zote za elektroliti za eneo la wima kwa pamoja. Ni vipande vichache na bei yake ni ndogo, Kariakoo au Luthuli Avenue Nairobi unazipata bila shida. Achague za nyuzi joto 105 badala ya 85, kwa sababu zinakaa karibu na bati lenye joto, na aangalie upande wa hasi usigeuke. Dayodi ile moja aipime wakati huohuo.

Kuna kitu kimoja asifanye: kuivuta picha kwa V-SIZE (kirekebisho cha urefu wa wima) ili kufunika ukanda mweusi kabla ya kubadilisha kapasita. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linalofanywa zaidi. Picha itajaa skrini kwa siku chache huku aisii ikilazimishwa, kisha mnabaki na mstari mmoja mweupe katikati ya skrini nyeusi, maana yake eneo la wima limekufa. Ikifika hapo shusha mwanga au zima mara moja, la sivyo mstari huo unaichoma fosfori (unga unaong'aa nyuma ya kioo) na alama yake haitoki tena.

Na kama mistari myeupe ingekuwa imetapakaa skrini nzima, imelala mshazari, jibu langu lingekuwa jingine kabisa. Hapo mtu amepandisha kitasa cha SCREEN kwenye flaibeki. Flaibeki nyingi zina vitasa viwili: cha juu FOCUS, cha chini SCREEN. Kishushwe mpaka mistari ipotee na weusi uwe weusi.

Wima ikishapona, ndipo marekebisho ya kweli yanaanza. TV za zamani zaidi zina vitasa vidogo kwenye bodi vyenye maandishi V-SIZE, V-CENT, H-SHIFT (urefu wa wima, kati ya wima, kati ya ulalo). Za miaka ya 1990 mwishoni na kuendelea zinatumia menyu ya fundi inayofunguliwa kwa rimoti. Kwa Sony nyingi, TV ikiwa standibai, bonyeza kwa mfululizo kitufe cha kuonyesha taarifa kwenye skrini, 5, VOL+, kisha cha kuwasha. Kila kampuni ina yake, na bodi za Kichina hutofautiana hata ndani ya jina moja la TV. Ukishaingia, kabla ya kubadilisha namba hata moja, piga picha kila ukurasa kwa simu. Humo ndani kuna namba za rangi, za lugha na za aina ya bodi, na ukizigusa bila kujua TV inaweza isiwake tena. Gusa urefu wa wima, kati ya wima na kati ya ulalo, basi. Duara liwe duara, na gridi ipotee kidogo nyuma ya fremu kila upande, kama asilimia 5. Ndivyo TV hizi zilivyokusudiwa. Namba zikirudi zenyewe kila ukizima, au maumbo yote yakivurugika siku moja, ni aisii ya kumbukumbu, ile ndogo ya miguu minane yenye maandishi yanayoanza na 24C.

Wenye skrini za inchi 25 na 29 wana tatizo lao la pande mbili kubonyea ndani katikati. Hilo ni la transista na koili za kurekebisha upana, na lehemu zake huachia mara kwa mara. Picha ikiwa pana upande wa juu na nyembamba upande wa chini, au kinyume chake, na hakuna namba ya menyu inayoirudisha, yoki imeungua ndani. Picha ikipanuka na kusinyaa mwanga unapobadilika, pima kwanza volti kuu inayolisha TV, iitwayo B+, na kapasita yake. Kwenye bodi nyingi thamani yake imeandikwa palepale. Na fundi yeyote akikushauri kupunguza kapasita ya volti kubwa iliyo karibu na transista ya ulalo (inayosukuma miale kushoto na kulia) ili "picha ikae sawa", mkatalie. Volti ya tyubu itapanda kupita kiasi, na hapo kuna hatari ya cheche, ya tyubu kuharibika na ya miale ya eksirei.

Tuje kwenye zambarau. Nyuma ya skrini kuna bamba jembamba la chuma lenye matundu, linaloruhusu kila mwale uguse rangi yake tu: mwekundu uguse nyekundu, wa kijani uguse kijani. Spika ya kawaida ya redio ina sumaku isiyozibwa. Ukiiweka kando ya TV, miale inapinda na bamba lenyewe linageuka sumaku, ndiyo maana rangi hubaki hata ukiondoa spika.

Isogeze spika, walau mita moja. Kisha zima TV kwa swichi yake kubwa au ukutani, rimoti haitoshi, na iache nusu saa. Ukiwasha, utasikia mngurumo wa sekunde moja hivi, "ngrrr", na pengine picha kutetemeka. Hiyo ni koili iliyozunguka skrini ikiondoa usumaku. Inadhibitiwa na posista, kipande cheusi kinachozuia umeme kikishapata joto, na ndiyo sababu ya kusubiri: ukizima na kuwasha mfululizo, posista bado ina moto na koili haifanyi kitu. Rudia zoezi hilo kwa siku mbili tatu. Zambarau nyingi huisha hapo bila senti. Usiposikia mngurumo wowote, posista imekufa au plagi ya koili imechomoka wakati wa kuhama.

Zambarau ikikataa, fundi awe na koili ya mkono, lile duara la waya linalochomekwa kwenye umeme. Huiwasha akiwa mbali, hukaribia skrini, huizungusha taratibu usoni mwa skrini nzima, kisha hurudi nyuma huku akiendelea kuizungusha mpaka awe mita mbili hivi, ndipo anaizima. Akiizima karibu na skrini ataacha usumaku mkubwa kuliko aliokuta. Asitumie sumaku ya spika kufanya kazi hiyo.

Hapa kuna jambo wengi hawalijui, na linatuhusu sana tunaonunua mitumba. Dunia nayo ina usumaku, na tyubu nyingi zilirekebishwa kiwandani kwa eneo zinakokwenda kuuzwa. Ulaya nguvu hiyo inaelekea chini kuingia ardhini. Tanzania inaelekea juu. TV iliyotoka Uingereza inaweza kufika hapa ikiwa nzima kabisa, lakini ikawa na doa la rangi pembeni au picha iliyolala upande kidogo. Kabla ya kuishuku, igeuze itazame ukuta mwingine, fanya zoezi la kuondoa usumaku upya, uone. TV kubwa huwa na namba ya kunyoosha picha iliyolala; zako za inchi 21 mara nyingi hazina, hapo yoki huzungushwa nyuzi chache.

Kama koili imefanya kazi vizuri na doa bado liko palepale, kuna uwezekano TV ilianguka au kugongwa wakati wa kuhama na bamba la ndani limehama. Hilo halitengenezeki. Afadhali ulijue kabla hujalipia kazi nyingine.

Mwisho vivuli vyekundu na buluu, na viwe vya mwisho kweli, maana usumaku na volti mbovu huvibadilisha. TV iwake nusu saa kwanza. Weka gridi, itazame katikati. Mistari ya katikati ikiwa myeupe safi na ya pembeni pekee ndiyo yenye vivuli, pete ziko sawa, msiziguse. Tazameni yoki. Huwa imeegemezwa kwenye tyubu kwa kabari tatu za mpira zilizobandikwa kwa gundi, na baada ya miaka ya joto gundi hukauka, kabari ikadondoka, yoki ikainama. Mara nyingine unaikuta kabari chini ya bodi. Fundi avae glavu nzuri, aishike plastiki ya yoki, aiinamishe kidogo sana juu au chini, kisha kushoto au kulia, huku akitazama gridi kwenye kioo cha mbele. Mistari myekundu na ya buluu ikilaliana pembeni zote nne, anarudisha kabari na kuzibandika kwa silikoni. Asiisogeze yoki mbele au nyuma kwenye shingo. Hiyo inaharibu usafi wa rangi skrini nzima.

Pete zinahusika ikiwa vivuli viko katikati kabisa. Hata hapo, achore kwanza mstari mmoja wa wino mweupe unaokatiza pete zote, ili akipotea arudi alikotoka. Zipo jozi tatu. Ile iliyo karibu zaidi na yoki kwa kawaida ni ya usafi wa rangi, isiguswe. Jozi yenye ncha nne za sumaku huleta nyekundu na buluu zikutane ziwe zambarau. Aanze na hiyo. Jozi ya ncha sita huichukua zambarau hiyo nzima na kuilaza juu ya kijani, ukapata nyeupe. Kutenganisha masikio mawili ya jozi huongeza nguvu. Kuzungusha yote mawili pamoja hubadilisha mwelekeo. Milimita moja kwa wakati, kisha atazame.

Katikati pawe safi kabisa. Kwenye kona za mwisho kivuli cha milimita moja au mbili kilikuwepo tangu TV inatoka kiwandani. Akifika hapo, afunge pete kwa tone la rangi na arudishe kifuniko.